Kadibodi Chini ya Kanali

Amongin mwanangu,

Umetoka kwenda Walukuba kuaga rafiki zako, na ninavyowajua hao rafiki zako, hawatakuachia upesi. Mama yako yuko jikoni anakaanga chapati za vitunguu za safari, chapati nyingi mno, utadhani unahamia Sudan badala ya Mbale. Mimi nimefukuzwa jikoni kwa sababu nilikuwa naonja kila moja. Kwa hiyo nimeketi hapa mezani na kalamu, gari letu Kanali namwona dirishani, na kadibodi iko chini yake, kando ya gurudumu la mbele la kushoto kama tulivyokubaliana.

Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku la spana, chini ya jeki. Nimekuonya usifungue sanduku hilo ovyo njiani, kwa hiyo najua utalifungua mara tu utakapofika Nakaloke, Mbale, kwenye kazi yako mpya. Ukiisoma kabla ya kufika, basi kuna jambo limekupata barabarani. Hapo acha kusoma, nipigie simu kwanza.

Sitakuambia ule vizuri wala ufunge milango. Mama yako ameshakuambia hayo tangu Pasaka. Nitakuandikia ya kwangu, na ya kwangu mengi ni makosa, maana ndiyo ninayoyakumbuka vizuri zaidi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotulea humu ndani. Mimi nilikuja na Kiteso changu, mama yako akaja na Kigisu chake kutoka Busiu, tukakutana katikati. Changu kilikuwa cha jeshi, cha kuamrisha na kutukana, mpaka nilipostaafu nikaendesha lori la Mombasa, na huko Wakenya wakanisugua nikang'aa kidogo. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ukatumwa sukari hapo Kimaka, ukaiomba kwa Kiswahili, foleni yote ikasogea pembeni upite? Huku kwetu Kiswahili ni lugha ya askari, wakadhani kuna mmoja nyuma yako. Ulirudi nyumbani unalia, ukasema watu wanakuogopa. Mimi nilicheka. Mama yako hakucheka, akanipa jina jipya kwa wiki nzima, jina ambalo siliandiki hapa.

Sasa tuje kwenye mafuta.

Kanali amekuwa akivuja tangu ukiwa chuoni. Wewe umezoea kumwona hivyo, gari la zamani lenye tumbo, lisilopenda kuamshwa asubuhi, na doa jeusi chini ya gurudumu la mbele. Mimi nilijua ni sili. Hilo nilijua kabisa, na sikukosea. Sili ni kitu kidogo, pete ya mpira yenye mdomo laini na kaspringi kembamba ndani yake. Inakaa mwishoni mwa ekseli, pale chuma kinachozungusha gurudumu kinapopita, na kazi yake ni moja tu, mafuta ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, yabaki ndani. Ikichoka, mafuta yanapita, yanachanganyika na grisi, yanageuka uji mweusi, na uji huo unashuka taratibu mpaka kwenye breki. Breki yenye mafuta haishiki. Na wewe, daktari wa mifugo wa chama cha wafugaji, utakuwa unapanda na kushuka mlima kufuata ng'ombe wa watu kwenye tope. Hapo sikuwa na mzaha.

Kwa hiyo nilibadilisha sili. Ikavuja. Nikabadilisha tena, ikavuja tena. Nilimlaumu mwenye duka la spea nikasema ananiuzia za bandia. Nililaumu barabara ya Tirinyi. Nilimlaumu fundi wa pale mzunguko wa Mpumudde, mtu mpole, mpaka akawa akiniona natokea anaingia chini ya gari la mteja mwingine na kukaa huko hadi nipite. Sili mpya kila mara, na kila mara baada ya safari mbili tatu, doa lile lile.

Jumamosi ndiyo tulijua. Nataka niiandike Jumamosi ile yote, kwa sababu najua nitaisimulia mara nyingi, na nikiisimulia nitaanza kujipa sehemu nzuri.

Ukweli ni kwamba ulifanya kazi wewe. Mimi nilikaa kwenye kigoda kwa ajili ya mgongo wangu, natoa amri. Uliweka mawe nyuma ya magurudumu, ukamwinua Kanali kwa jeki, ukamkalisha kwenye stendi. Ulifungua gurudumu, ukatoa breki ukaifunga juu kwa waya isining'inie kwenye mpira wake. Hilo sikukuambia, ulilijua mwenyewe, na nilinyamaza nijifanye ndivyo nilivyotaka kusema. Ukatoa habu, kile kitovu cha gurudumu, na beringi zake, ukazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano, ya kwanza kutoka mbele, ya mwisho nyuma. Halafu ukaivuta ile ekseli, ikatoka na uji mweusi ukakumwagikia mpaka kwenye viwiko.

"Papa," ukasema, "hii kitu inanuka kama ng'ombe amekufa wiki mbili."

"Wewe ndiye unajua hiyo harufu," nikakuambia. "Endelea."

Hapo mama yako akatokea mlangoni na kikombe cha chai, akaangalia mikono yako, akaniangalia mimi kwenye kigoda, akasema, "Afande, kazi imekuchosha sana. Pole." Unajua akiniita Afande kuna jambo. Nyakati za amani mimi ni Papa Amongin.

Ukaitoa sili ya zamani. Nilipoinuka kuchukua nyundo niigonge mpya, ukaniwekea mkono kifuani. Mwanangu, tangu nilipoacha jeshi hakuna mtu aliyenizuia kwa mkono kifuani. Ukasema, "Papa, wewe ukipiga, inaingia mushazari. Nipe mimi." Ukapaka mafuta kwenye mdomo wake, ukaielekeza upande wa springi uangalie ndani kwenye difu, ukaweka ile sili ya zamani juu ya mpya, halafu ukagonga kidogo hapa, kidogo pale, ukizunguka pande zote, polepole, mpaka ikakaa sawa. Mimi miaka yote nilikuwa naigonga kama ninayepigilia kitanda. Nilikuwa naiharibu kabla haijaanza kazi.

Ukainua ekseli kuirudisha. Nzito ile. Mimi kila mara nilikuwa naisukuma tu iingie, nikiiacha ijiegemeze kwenye mdomo wa sili, ukakwaruzika mumo humo. Wewe uliweka mkono chini yake ili uzito wote uwe juu yako, sili isibebe hata kidogo. Nikaona uzito unakuelemea. Nikatoka kwenye kigoda, nikapiga magoti na mgongo wangu wote, nikaweka mkono wangu chini ya wako, tukaiingiza pamoja, inchi kwa inchi, mpaka meno yakashika kule ndani. Nilifurahi kuliko siku nilipopewa cheo.

Kama tungefunga hapo, ingevuja tena. Mimi nilikuwa tayari nanawa mikono. Wewe ulikuwa bado umelala chini ya Kanali unaangalia juu, unafuata kitu kwa kidole.

"Papa, hii mpira inaenda wapi?"

"Achana nayo. Hiyo ni ya kupumua. Ekseli ikipata joto, hewa inatoka hapo."

"Inatoka wapi?"

"Si nimekuambia? Inatoka huko mwisho, juu, karibu na injini."

"Sasa kama ni ya kupumua, nani amefunga mwisho wake na kaveera?"

Mama yako aliweka kikombe chini.

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme ni yule fundi wa Mpumudde. Halafu ukatoka chini, uso wote grisi, umeshika kale kakipande ka mfuko wa nailoni kamekauka kama ngozi ya nyoka, kamefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ukageuza ukanda, ukaangalia fundo.

"Papa," ukasema polepole, "hii fundo ni yako. Ndiyo ulinifundisha kufunga mbuzi."

Basi. Hakuna wakili duniani angenitoa hapo.

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Kila akijaribu kusema, anaanza upya. "Mafuriko," anasema, "yale mafuriko ya Busiu," halafu anajipangusa macho na kitenge. Wewe hukuwepo siku ile, ulikuwa chuoni, kwa hiyo nikusimulie jinsi ilivyokuwa, na uniamini mimi, usimwamini yeye.

Tulikuwa tunaenda kumwona bibi yako Busiu, msimu wa mvua. Kijito kabla ya kufika kwake kilikuwa kimefurika kikavuka barabara. Teksi zote zimesimama, abiria wamekaa kando wanakula ndizi, madereva wanabishana. Mimi nikashuka. Sikubishana na mtu. Nilifungua boneti nikafanya kama tulivyofundishwa kwenye kitengo cha usafiri. Ukiona maji marefu, unafunga ile mipira ya kupumulia isije ikanyonya maji ndani ya ekseli. Nilikuwa na kaveera iliyokuwa imebeba nyanya, nikazimwaga nyanya kwenye mapaja ya mama yako, nikachana tyubu kuukuu, nikafunga. Watu wote wananiangalia. Kijana mmoja akauliza, "Afande, hiyo ni dawa ya maji?" Nikamwambia, "Ngojea uone."

Tukavuka. Maji yaliingia mpaka miguuni mwa mama yako, kuku wake wakapanda juu ya kiti, lakini tulivuka, na ng'ambo ile watu wakapiga makofi. Mwanangu, yale makofi yaliniharibu. Niliendesha hadi kwa bibi yako nimeinua kidevu. Tulipofika nilisimulia, nikasimulia tena jioni kwa wajomba zako, nikasimulia kesho yake kwa padri. Kufungua boneti na kutoa ile kaveera, hilo tu ndilo sikulifanya. Tulifundishwa kufunga na tulifundishwa kufungua. Nilikuwa na kazi nyingi ya kujisifu.

Ndiyo sababu kila sili ilikuwa inatapika. Ekseli inapata joto, hewa inavimba ndani, haina pa kutokea, basi inasukuma mafuta kwenye mdomo wa ile pete masikini. Sili zote zile zilitoka dukani nzima. Nimemlaani mwenye duka bure. Kesho kutwa nitampelekea yule fundi jogoo, na nitaenda kwa mguu, nisije nikamtisha.

Nimeikata ile kaveera vipande viwili. Kimoja mama yako amekibandika ukutani jikoni. Kingine kiko kwenye bahasha hii.

Ulipomaliza kucheka, ulikuja ukakaa karibu na kigoda changu, na hapo ndipo ukasema lile la pili. Najua ulikuwa umeliweka moyoni siku nyingi. Ulisema sasa sababu ya kuvuja imeonekana, kwa hiyo hakuna haja mimi nije nawe Mbale.

Nilikuwa nimeshapanga kuja. Sanduku langu la nguo lilikuwa tayari tangu Alhamisi, ulilijua, ulilipita sebuleni mara ngapi bila kusema. Mpango wangu ulikuwa nije nikae nawe wiki moja pale Nakaloke, niangalie sili.

"Wiki nzima kuangalia sili, Papa?"

"Sili mpya lazima ichunguzwe."

"Halafu Jumatatu ile ya pili utasema uangalie beringi."

Nilikuwa kweli nimefikiria beringi.

Ndipo ukanikumbusha chuo. Mimi hiyo siku niliikumbuka kama siku nzuri. Nilikupeleka na Kanali, nimevaa suti, nikakubebea godoro mpaka chumbani. Nilikuta wasichana watatu wameacha vitanda ovyo, nikawafundisha kukunja blanketi, kona kwa kona. Nilikagua dirisha. Nilimwita matroni nikamweleza kuhusu bomba. Nilipoondoka walinisindikiza wote hadi langoni, nikajua nimekuacha pazuri. Hukuniambia mpaka Jumamosi hii kwamba tangu siku ile, miaka yote ya chuo, hakuna aliyekuita Amongin. Walikuita Mtoto wa Afande. Mtu akitandika kitanda vibaya wanasema, "Afande anakuja!" na wewe unacheka nao, kwa sababu ungefanya nini?

"Papa," ukasema, "mimi nakupenda. Lakini pale Nakaloke nataka nifike kama daktari. Nikifika na wewe, utashuka kwanza, utawasalimia wazee, utauliza maswali, na mimi nitakuwa nyuma nimebeba chapati."

Ni kweli. Nilikuwa hata nimeshachagua maswali.

Mama yako akasema, "Mwache mutoto aende. Amekuwa mukubwa. Wewe nani alikusindikiza jeshini?" Alisema hivyo kwa sauti nzito kabisa, mikono kiunoni, nikajiona nimebaki peke yangu.

Hapo nikaomba kadibodi. Nilikuwa sina pengine pa kushika. Nikasema tutampeleka Kanali safari ndefu, ekseli ipate joto, kisha usiku mzima akae juu ya kadibodi safi. Asubuhi likionekana tone, hata moja, nakuja nawe. Ikiwa kavu, unakwenda peke yako na mimi nabaki. Ukanipa mkono kama mwanamume wa sokoni. Na leo baada ya kanisa tumeenda mpaka Iganga na kurudi, wewe kwenye usukani, mimi kando yako, mikono juu ya mapaja.

Uliona nilivyonyamaza? Nilijitahidi. Nilikuwa nakumbuka ulivyojifunza kuendesha, kwenye ile barabara ya kiwanja cha ndege. Nilikupigia kelele kama kuruta. Klachi! Klachi! Wewe huna masikio? Ukasimamisha gari katikati, ukazima, ukachomoa ufunguo, ukashuka, ukaenda nyumbani kwa miguu bila kugeuka. Mimi nikabaki na Kanali bila ufunguo. Wanafunzi wa chuo cha wakubwa wa jeshi wakapita mbio za asubuhi, safu mbili, wakanikuta nasukuma. Wakanisaidia kusukuma huku wanaimba. Nilipofika nyumbani nilikuwa na hotuba kali tayari, nikakukuta umekaa mezani unasoma, ufunguo mbele yako. Ukasema bila kuinua kichwa, "Nitajifunza. Lakini si hivyo." Nilikuwa nimefundisha madereva wengi kwa kelele, na sikuwahi kujua wangapi walijifunza na wangapi walikuwa wananiogopa tu. Baada ya hapo nilikufundisha kwa sauti ya chini, na wewe ndiye dereva bora niliyewahi kumtoa. Sikukuambia. Sasa nimekuambia.

Nikuambie na jingine. Nilipokuwa nakaa na wewe leo njiani, miwa ile ya Kakira inapita, nilikuwa naomba. Mtu hutoka kanisani na kuomba mambo mazuri. Mimi nilikuwa naomba tone. Moja tu, dogo, lisilodhuru breki. Nakupenda, Amongin, na nyumba hii bila wewe sijui itakuwaje. Nani atanizuia na nyundo?

Nakusikia unaingia getini unaimba, na mbwa anaimba nawe. Nitamalizia asubuhi, kadibodi ikishasema.

*

Asubuhi.

Uko bafuni unaoga, nina dakika chache, kwa hiyo naandika upesi na utasamehe mwandiko.

Nimetoka mapema kabla hamjaamka, au nilidhani hamjaamka. Nimeinama na mgongo wangu, nimeangalia. Tone lilikuwepo! Kubwa, la duara, limeng'aa katikati ya kadibodi. Mwanangu, nilinyanyuka kama kijana. Nilikuwa nimeshafika sebuleni nimeshika sanduku langu ndipo mguu ukasita. Tone lilikuwa katikati ya kadibodi, ndiyo, lakini gurudumu lako halivujii katikati. Huvujia pembeni, ubavuni mwa tairi.

Nikarudi. Nikatia kidole, nikanusa. Mafuta ya difu wewe unayajua, yananuka vibaya kama yai lililosahauliwa. Haya yalinukia vitunguu.

Nikapapasa ndani ya gurudumu kwa kitambaa cheupe, kile cha kufutia miwani. Kimetoka cheupe. Sili yako haijatoa hata jasho.

Nilipoinua kichwa, mama yako alikuwa mlangoni mwa jikoni. Amevaa gomesi yake ya harusi za watu, ile ya kijani, mkoba begani, na bado jua halijatoka.

"Mama Amongin," nikasema, "hili gari limeanza lini kunuka vitunguu?"

"Labda nayo imekula chapati," akasema.

Akaja akasimama karibu nami, tukaiangalia kadibodi wote wawili.

"Nilidondosha mimi, kwa ajili yako," akasema. "Nilikuona na sanduku yako, nikasikia huruma." Halafu akavuta mkanda wa gomesi. "Na mimi pia nilitaka kwenda."

Huyu ndiye aliyesema mwache mtoto aende, mikono kiunoni! Nilitaka kucheka na nikashindwa, kwa sababu yeye alikuwa analia, na mimi nilikuwa si mbali. Tulikuwa tumepata tulichokuwa tunakitaka, kiko pale chini, na wewe usingejua kamwe. Ungeinama, ungeona tone, ungesema sawa Papa, ahadi ni ahadi, na ungetufungulia mlango wa nyuma. Nyakati zile za makofi ya Busiu ningechukua sanduku nikapanda.

Nikaiokota kadibodi. Nikamwuliza, "Tuna nyingine?" Akaenda akaleta ile ya boksi la sabuni, akaipasua mwenyewe kwa mikono yake, akapiga magoti na gomesi yake yote, akaiweka kando ya gurudumu mahali pale pale. Ile ya vitunguu ameitia motoni, inachemsha chai yako hivi sasa.

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Atajua tu, lakini usimwambie.

Boneti nimeifungua pia, nimeangalia ule mpira wa kupumulia. Uko wazi. Ukivuka maji, funga. Ukishavuka, simama, hata kama watu wanapiga makofi, hasa kama wanapiga makofi, na ufungue.

Maji ya bafuni yamenyamaza. Sasa utakuja na taulo kichwani, utainama, utaangalia kadibodi, halafu utaniangalia mimi usoni. Nitasimama na mikono nyuma. Nimefanya mazoezi ya neno moja, nimelisema kwa sauti ya chini mara nyingi hapa mezani ili lisinikwame. Kavu, daktari. Ni kavu kabisa.

Papa wako,
dereva mstaafu, ambaye sanduku lake limerudi juu ya kabati